Makumbusho ya vita na watoto: Kalenga au Majimaji Songea?

mama_tabata: Wakuu, habari za jioni. Desemba tunataka kuwapeleka watoto makumbusho ya vita, wasiishie kukariri Mkwawa na Majimaji kwa ajili ya mtihani. Baba yao anataka Songea, mimi navutwa na Kalenga, pale karibu na Iringa mjini. Wapi panafaa zaidi? Tunalipia nyumba ya wageni wiki hii.

Mnyalukolo: Kamwene dada. Watoto wana umri gani? Siku ngapi? Gari lenu au basi? Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, hadi Songea ni karibu mara mbili yake. Hujasema lolote kati ya hayo.

Nduna_Ruvuma: Songea, bila kusita. Kalenga ni jengo dogo, mtalimaliza mapema. Songea mtaona silaha, sanamu za manduna (wakuu wa vita wa Wangoni), na kaburi la halaiki la walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60. Nduna Songea Mbano, mmoja wao, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake bado unadai kichwa chake. Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo Novemba 2023 akaomba radhi. Mtoto akisimama pale anaelewa kwamba jambo hili halijaisha.

Mnyalukolo: Mkuu, udogo si kasoro. Mtoto hachoki kwa sababu jengo ni dogo, anachoka kwa saa 16 za gari. Halafu Iringa vita inasomeka kwa mpangilio njiani. Ukitoka Dar unaanza na Lugalo, kabla ya kuingia mjini, mnara uko kando ya barabara kuu. Hapo ndipo Wahehe walipokivizia kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua. Kesho yake asubuhi Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoanguka Oktoba 1894, ambako fuvu lake liko ndani ya kioo. Kama gari ni la juu na mvua haijachanganya, njia hiyohiyo ya Kalenga, inayoendelea hadi hifadhi ya Ruaha, inawafikisha Mlambalasi, alikojiua Mkwawa mwaka 1898 na ulikozikwa mwili wake. Mchana pumzikeni makumbusho ya Boma, katikati ya mji. Ukianza na Kalenga halafu Lugalo unawachanganya, wanaona mwisho kabla ya mwanzo.

mtaita_voi: Mbona hamtaji Vita Kuu ya Kwanza? Vukeni mpaka wa Holili mje Taveta, huku Kenya. Kilima cha Salaita kiko pale, vita vya Februari 1916, kuna makaburi ya Jumuiya ya Madola Taveta, Maktau na Voi, na hoteli moja huko Taita Hills ina chumba cha makumbusho ya vita hiyo. Barabara ni nzuri.

mwl_historia: Mtaita, karibu sana, lakini hapo kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria. Siyo safari ya kuamua wiki hii.

Dada, mahali popote utakapochagua, piga simu kwanza. Kuna safari moja ya shule ilifika makumbusho ndogo ya mkoani Jumapili saa kumi na nusu jioni. Mlinzi yupo, mwenye funguo hayupo, na mwongozaji alikuwa mmoja tu, ameshaondoka. Walipofunguliwa umeme ukakatika, maelezo ya ukutani hayasomeki, watoto 40 wakasukumana chumba kimoja, wa nyuma hawakuona kitu. Yote yalikuwa na dawa: kufika kabla ya saa sita mchana, siku ya kazi, kuomba mwongozaji kwa jina, kugawana makundi ya watu 10, na tochi mbili. Beba pia kitambulisho cha taifa, viingilio vya raia na vya wageni havilingani.

mama_tabata: Samahani kwa kuacha hayo. Watoto wana miaka 6, 9 na 13. Siku 5 kwenda na kurudi, gari dogo. Wa miaka 6 hutapika garini. Na je, fuvu halitamtisha?

mwl_historia: Mwambie mkiwa nyumbani, siyo mlangoni. Mpe kwanza mikuki na ngao, fuvu liwe la mwisho, na akikataa abaki nje na mtu mzima. Songea ni hivyohivyo: kitanzi na kaburi vinahitaji maelezo kabla. Wa miaka 13 mwambie pia kwamba Majimaji njaa iliua wengi kuliko risasi, mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi.

Nduna_Ruvuma: Fuvu lenyewe mna hakika ni la Mkwawa? Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu.

Mnyalukolo: Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe. Lilirudi 1954, mjukuu wake Adam Sapi akalipokea. Ukoo umelikubali, sisi ni nani?

Nduna_Ruvuma: Kukubali siyo kupima. Siku hizi kuna vinasaba.

mwl_historia: Fungueni uzi mwingine, dada anauliza safari.

mama_tabata: Baba yao bado anasema Songea. Na ule mlima wa Kitonga wenye kona, kabla ya Iringa, na huyu mdogo je?

Mnyalukolo: Simameni Ruaha Mbuyuni, anyooshe miguu, asile kitu kizito. Mlimani madirisha wazi, aangalie mbele, asishike simu. Malori hupanda taratibu, usiyapite kwenye kona. Vitunguu vya hapo nunueni mkirudi, harufu yake garini itamrudishia kichefuchefu.