Tupeane uzoefu: Watu wa Tanga walikupokeaje?

Mwanzisha mada: Jana nilimsikia kijana akisema kwamba Tanga ni mji uliolala, nikakumbuka nilivyohamishiwa huko kikazi nikiwa simjui mtu. Kulipokucha tu, jirani yangu, mama wa Kidigo, aliniletea chai na kuniuliza kwetu ni wapi na kwa nini sijaoa, kabla hata hajaniuliza jina. Mlioishi Ngamiani, Chumbageni au Makorora, simulieni yaliyowakuta.

Mpanda baiskeli: Naunga mkono. Huko hata anayekupita kwa baiskeli hukusalimu mpaka apotelee kwenye kona.

Mtoto wa manamba: Mimi nilimzika baba huko. Alitoka Tabora akiwa kijana, akakata mkonge mpaka uzeeni, kisha akapanga chumba Ngamiani. Nilipofika msibani nilikuta makundi mawili uani: wazee wa msikitini wakiwa na sanda na wanakwaya wakiwa na jeneza, kila upande ukidai kwamba marehemu ni wake, kwa kuwa alibatizwa utotoni lakini miaka yote alifuturu na majirani na hakukosa Maulidi. Sauti zilipanda, mmoja akashika mpini wa jembe, kisha wote wakanigeukia mimi, niliyemjua baba kwa barua tu, ili niamue. Nilishindwa kufungua kinywa. Aliyetuokoa ni bibi wa Kibondei aliyekuwa akimpikia: aliingia chumbani, akatoka na rozari iliyokuwa chini ya mto, akamkabidhi shehe mwenyewe. Shehe aliitazama, akawaagiza vijana wake wakachimbe kaburi kwenye makaburi ya Wakristo, na Mhindi mwenye duka akatoa gari bila kuombwa.

Mpenda historia: Pole sana, ndugu. Hata hivyo, tusiusimulie mchanganyiko wa Tanga kana kwamba watu walialikwa karamuni. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanzia Tanga, ndio uliowavuta Wanyamwezi, Wamakonde na wengineo, na wengi wao waliishi kambini kwa ujira mdogo.

Mama wa Chumbageni: Hakuna aliyetaja karamu, kaka. Mkonge haukumlazimisha Mwislamu kumchimbia Mkristo kaburi.

Mpenda historia: Wala sikusema hivyo, dada. Nauliza tu ni nani aliyewapokea kule kambini.

Shabiki mkongwe: Mnabishana bure, kwani mpasuko wa kweli wa mji ule ni Coastal Union na African Sports. Mwaka 1988 Coastal ilipotwaa ubingwa, mjomba wangu wa Sports alihama kijiwe cha kahawa na kwenda kunywa peke yake.

Mgeni mtarajiwa: Naombeni ushauri, kwa sababu nahamia huko karibuni. Nipange wapi?

Mpanda baiskeli: Panga Raskazone, upate upepo wa bahari na utulivu.

Mama wa Chumbageni: Usimsikilize, mwanangu, kwa sababu ukikaa Raskazone utajuana na mlinzi tu. Panga Ngamiani, ambako barabara zina namba kuanzia 1 hadi 21, na ukipotea hata mtoto atakurudisha.

Shabiki mkongwe: Popote utakapopanga, usikubali kahawa ya kwanza. Wenyewe husema «waja leo, waondoka leo», lakini mimi nilikuja likizo na sasa nina wajukuu.

Mpanda baiskeli: Mama, mlinzi unayemsema ni shemeji yangu, nakuomba umheshimu.