Mnaochora sura za watu wa zamani, stori ya maisha yao mnaianzia wapi?

penseli_kariakoo:
Wakuu salaam. Mimi nachora sura kwa penseli, zamani nilikuwa nachora wasanii wa bongofleva na wachezaji mpira maana ndo oda zinapokuja, ila sasa moyo wangu uko kwa watu waliohangaikia nchi zetu halafu wamebaki majina ya barabara tu. Hapa Dar daladala zinapita barabara ya Bibi Titi Mohamed kutwa nzima, muulize kijana pale kituoni huyo mama alikuwa na sura gani, hajui, na hili linaniuma kweli.
Shida yangu ni maandishi ya chini ya mchoro. Nikiweka kazaliwa 1926 kafariki 2000 watu wanalaiki wanapita. Nikiandika ndefu hawamalizi. Halafu umri, nimchore yule anayehutubia miaka ya hamsini au bibi wa uzeeni? Na ile kesi ya uhaini, kuna mtu kaniambia niiache inamchafua. Mwisho kabisa, mtu ambaye hana picha hata moja mnafanyaje, kubuni sura ni sawa?

dada_wa_mkaa:
Kaka hongera, endelea. Chagua kwanza jambo moja alilofanya, ndo uchore sura ya umri ule ule. Usichore bibi wa miaka sabini halafu ukasimulia mambo ya msichana wa thelathini, mtazamaji anapotea.
Bibi Titi mimi ningeanza na ngoma. Alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba, hapo hapo Dar. TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, inazaliwa 1954, wanaume wana mikutano yao lakini kina mama wa mitaani nani anawafikia? Ni yeye na wenzake wa vikundi vya ngoma, hao tayari walikuwa na viongozi wao na wanachama wao na wanajuana nyumba kwa nyumba, wakajaa kwenye chama haraka kuliko wasomi walivyotegemea. Kwa hiyo mchore mdomo uko wazi, anaimba au anahutubia, sauti ndo ilikuwa silaha yake.
Mdomo wazi mgumu najua. Usichore jino moja moja, ukiweka mistari kati ya meno unamzeesha miaka ishirini. Acha karatasi yenyewe iwe meno, weka giza kwenye kona za mdomo kwa penseli laini ya 6B na kivuli chepesi chini ya mdomo wa chini, basi.
Kesi iandike. Alikamatwa 1969, kesi 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 Nyerere akamsamehe akatoka. Hapo ndipo jina lake lilipozimika, sasa ukikata kipande hicho msomaji ataelewaje kwa nini mtu aliyejaza viwanja hajulikani?

mtu_wa_kaloleni:
Niko Nairobi, naomba kwenye list yako uweke Makhan Singh. Huku watoto wa shule wanajua majina yote ya wale sita walioshtakiwa Kapenguria, kina Kenyatta, lakini huyu Singasinga hawamjui, na alifungwa mapema kuliko wengi wao. Alizaliwa Punjab 1913, akaletwa Kenya 1927 akiwa kijana mdogo, babake alikuwa na matbaa hapa mjini naye akafanya kazi humo. 1935 anaunda chama cha wafanyakazi kinachokubali watu wa rangi zote, wakati ule hiyo ilikuwa kitu kubwa sana kwa serikali. Tarehe 23 Aprili 1950, Kaloleni Hall, anasimama anataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki, sio mageuzi, uhuru. Mei 15 anakamatwa pamoja na Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Kutoka kwake ni Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11 ndani na kizuizini huko kaskazini.
Stori yake ianzie Kaloleni, dakika ile anasimama. Kuzaliwa na babake utaweka baadaye, mtu akishataka kujua atasoma.

penseli_kariakoo:
Dah asante mkuu, nilimjua kwa jina tu. Picha nilizopata zimefifia, nikikuza kilemba kinakuwa doa jeusi.

dada_wa_mkaa:
Usikuze. Chapisha ndogo hivyo hivyo, piga gridi, chora ukubwa unaoutaka kwa kufuata maumbo ya giza na mwanga. Mikunjo ya kilemba iangalie kwa Singasinga yeyote aliye hai, mwombe ruhusa umpige picha, kitambaa hakijabadilika. Ila macho na pua ni vya Makhan Singh mwenyewe, hapo usiazime kwa mtu.

wanjiku_msomaji:
Kuhusu wasio na picha. Mary Muthoni Nyanjiru, 16 Machi 1922, watu wamekusanyika polisi Nairobi karibu na hoteli ya Norfolk wanataka Harry Thuku, kiongozi aliyekamatwa na wakoloni, aachiliwe, wajumbe wanatoka wanawaambia watu warudi nyumbani. Yeye akainua nguo yake akawaambia wanaume wachukue gauni wampe suruali. Umati ukasogea, risasi zikapigwa, yeye akawa kati ya wa kwanza kufa. Serikali ilisema waliokufa ni 21, walioona walisema ni wengi zaidi. Tafadhali msimbunie sura. Baada ya miaka miwili mchoro wako utakuwa unazunguka kila mahali kama picha yake halisi na huwezi kuurudisha. Mchore kwa nyuma, mkono umeinuka, umati mbele yake.

fundi_rangi:
Mimi nabuni lakini naandika chini kabisa kwamba ni ya kubuni. Watu wanataka uso dada.

wanjiku_msomaji:
Maandishi ya chini yanakatwa mtu akisevu picha. Mkono hauwezi kukatwa.

penseli_kariakoo:
Nyanjiru nakubali, kwa nyuma. Makhan Singh naanza leo usiku. Anayefuata ni Lucy Lameck wa Moshi, alisomea unesi akakataa kufanya kazi chini ya wakoloni, baadaye akafika Oxford, akarudi akawa naibu waziri. Nataka hapo anapokataa, ila picha ninazoona ni za ukubwani akiwa na cheo. Mwenye gazeti la zamani lenye picha yake ya ujana askani aiweke hapa, hata kama imechakaa.