Mapumziko ya mjini bila viingilio: Dar, Unguja au Mombasa?

Mgogo_AreaC
Wakuu, salaam. Mwezi ujao nina mapumziko, Ijumaa hadi Jumatatu, mimi, mama watoto na watoto wawili: mmoja yuko darasa la sita, mwingine chekechea. Tunatokea Dodoma. Nauli na chumba nimeshavitengea fungu, sina neno navyo. Kinachonikera ni viingilio. Mkiwa wanne, kila geti linakupiga mara nne, na yule wa chekechea baada ya dakika kumi anataka kutoka. Nataka mji ambao mtu anatoka asubuhi na raba zake, anazunguka, anaona vya maana, anarudi jioni hajakatiwa tiketi hata moja. Nimebaki na miji mitatu: Dar, Unguja (Mji Mkongwe tu, sitaki habari za hoteli za ufukweni) na Mombasa. Mlioizunguka kwa miguu naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

Pwagu_wa_Posta
Dar, mkuu, wala usijiulize mara mbili. Panda treni ya SGR, ushuke stesheni ya Dar, na tayari uko mjini kati. Acha begi chumbani, anza na Sanamu ya Askari. Watu wanaipita kila siku bila kuinua macho. Mwambie huyo wa darasa la sita asome maandishi ya Kiswahili pale chini. Iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kutoka hapo teremkeni baharini: Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili ya enzi za Mjerumani, yote yalikamilika 1902 na yote yanatazama bandari. Kama hakuna ibada mnaingia kimya, mnatazama vioo, mnatoka. Endeleeni kwa miguu hadi Feri, soko la samaki, muende mapema wakati mnada umepamba moto. Pantoni ya Kigamboni siyo bure, lakini shilingi 200 kwa kichwa nayo utaiita kiingilio? Kwa mtoto wa Dodoma hiyo ni meli kamili.

BintiShangani
Kaka Pwagu umeanza vizuri ila hujamwambia jua. Kutoka Posta hadi Coco Beach hamtembei na mtoto wa chekechea, mtapanda daladala au bajaji, na foleni ya Dar mnaijua. Vitu vya bure vya Dar vipo, lakini vimetawanyika.

Mji Mkongwe ni kinyume chake, vyote viko mlango kwa mlango. Ngome Kongwe waliyoijenga Waomani baada ya kumtoa Mreno unaingia bila kulipa, mchana kuna maduka ya vinyago na kivuli cha kukaa. Ukitoka tu, Forodhani hiyo. Jioni mwanao wa darasa la sita hataondoka pale ukutani, maana vijana wanapiga makachu: wanakuja mbio, wanajirusha baharini kwa mitindo, umati unashangilia. Hakuna anayekudai, ukipenda unawatunza. Asubuhi mpitishe soko la Darajani, kisha mpe kazi ya kutafuta milango: ya misumari mikubwa ya shaba, ya maandishi ya Kiarabu juu, ya maua, nani ataona mkongwe zaidi. Jaws Corner mzee unakaa barazani na kikombe cha kahawa, unasikiliza siasa na bao linachezwa. Hilo darasa halina ada.

Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, msiipangie, sehemu yake ilianguka Desemba 2020, mtaitazama kwa nje.

Mzee_Kandambili
Binti umesema kweli, lakini mweleze na habari ya papasi. Watamfuata tangu bandarini: "Karibu kaka, nakutembeza tu, hulipi." Mwisho wa safari utalipa, na dukani mwa rafiki yake utanunua kikoi kwa bei ya mgeni. Mtu wa bara akiwa na watoto na kofia mpya anajulikana toka mbali. Dawa ni kusalimia vizuri, kusema "ahsante, tuna mwenyeji", na kuendelea kutembea. Mkipotea kwenye vichochoro potea tu, mji wenyewe mdogo, mtatokea baharini au Darajani.

Jambo la pili, Forodhani kuingia ni bure, kula siyo bure. Urojo bei yake nzuri, ila wale wenye meza za pweza na kamba wanapanga bei kwa kukutazama usoni. Uliza kabla hujanyoosha kidole.

Mwanamvita
Na sisi wa Mombasa tuseme. Kwanza nyinyi wa Dar mnalipa 200 kwa pantoni? Feri ya Likoni mwenda kwa miguu halipi hata ndururu. Wapanda, wavuka, warudi, na upepo wote ule. Halafu Mama Ngina Waterfront: tangu itengenezwe upya 2019 pamekuwa pazuri kweli, mibuyu mikubwa, ngazi za kukalia, meli zapita karibu mno zikiingia bandari ya Kilindini hadi watoto wawapungia mabaharia. Madafu na mihogo ya pilipili hapo hapo. Mji wa Kale waingia tu, wapita msikiti wa Mandhry, waenda hadi bandari ya majahazi. Ufukwe wa umma wa Pirates haulipiwi. Kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue mtapiga picha.

Fort Jesus ndiyo ya kulipa, ila kuta zake kwa nje waziona zote, na jioni watu hukaa pale kwenye uwanja.

Ile sanamu ya Askari pia tunayo, na Nairobi wanayo. Ni ndugu watatu.

Pwagu_wa_Posta
Mwanamvita, feri ya bure nakupa ushindi. Lakini mtu anatoka Dodoma! Avuke mpaka wa Horohoro, hati za kusafiria za watu wanne, siku nzima kwenye basi kwenda na siku nzima kurudi. Kati ya siku nne anabakiwa na mbili.

Nimesahau Tingatinga kule Oysterbay. Unaingia, wachoraji wamekaa chini wanapaka rangi, unatazama unavyotaka na huwajibiki kununua. Watoto wanakaa hapo saa nzima. Pangilia pamoja na Coco Beach, ni upande mmoja.

Neema_wa_Moro
Nyie wote mnapiga hesabu ya geti tu. Boti ya kwenda Unguja watu wanne, kwenda na kurudi, ni pesa kuliko viingilio vyote vya Dar vikijumlishwa. SGR ya kawaida Dodoma hadi Dar ilianza kwa 31,000 mtu mzima, watoto nusu. Ukishafika Dar, kila unachoongeza ni gharama mpya. Mimi ningebaki Dar na ile hela ya boti ningewaingiza watoto Makumbusho ya Taifa, Mtanzania halipi nyingi, wakaone habari za Zinjanthropus wa Olduvai.

Na mkuu, usiwe mgumu kupita kiasi. Ukienda Unguja lipia kitu kimoja tu, pale kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na kanisa likajengwa juu yake. Vile vyumba vya chini huwezi kuvielezea kwa kupita barabarani. Labda huyo wa chekechea abaki nje na mama yake.

BintiShangani
Hilo la Mkunazini naliunga mkono kwa asilimia zote. Na kama mapumziko yako yangekuwa Februari ningekwambia ufuate gwaride la ufunguzi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, linapita mtaani na ngoma zake, hulipi. Tamasha lenyewe ndani ya Ngome lina tiketi.

Mgogo_AreaC
Nimewasoma wote, ahsanteni. Mombasa naiweka likizo ndefu, Mwanamvita usinune. Mama watoto amesoma uzi wote akaishia kwenye makachu, kwa hiyo boti imeshapita kikao. Ijumaa tunalala Dar: Askari, makanisa, na Feri Jumamosi alfajiri kabla ya boti ya asubuhi. Jumamosi na Jumapili Mji Mkongwe, na Mkunazini nitalipia mimi na mkubwa. Jumatatu tunarudi. Swali moja: makachu wanaanza saa ngapi?

Mzee_Kandambili
Alasiri kuelekea magharibi, lakini saa haikusaidii kama hujaangalia maji. Yakiwa yametoka hawaruki, chini kuna mawe. Muulize mvuvi yeyote pale asubuhi bamvua, yaani maji makubwa, ni lini, atakupa na saa. Na Feri usimvalishe mtoto raba nyeupe.