Kambale wa chambo wanakufa katika tangi nililojenga nyumbani: nimekosea wapi?

Migonzo_Igombe (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na kwa walionizidi umri nasema shikamooni. Mimi ni mvuvi wa sangara katika mwalo wa Igombe, Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na ninatumia migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) ambayo chambo chake ni vifaranga vya kambale walio hai. Hadi mwaka jana nilikuwa nikinunua chambo alasiri ileile ninayoingia ziwani, lakini anayetuuzia huja kwa siku anazozipenda mwenyewe, na siku asipotokea mtumbwi hulala ufukweni, nao vijana wanne hushinda wakicheza bao. Ndipo nilipoamua kujenga tangi nyumbani ili nihifadhi chambo cha wiki nzima.

Tangi ni la matofali, limepigwa plasta ya saruji kwa ndani, lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha maji ni sentimita 50, kwa hiyo linabeba lita 1,000. Fundi alimaliza Jumamosi. Nililiacha likauke siku tano, nikaliosha mara moja, nikajaza maji ya bomba Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi nikamimina vifaranga 400 vyenye urefu wa kidole. Siku hiyohiyo walikufa 30, Jumamosi walikufa 140, na Jumapili jioni waliosalia hawakufika 100. Waliokufa wamefunikwa na ute mzito mweupe kama waliopakwa uji, na ncha za mapezi yao zimechanikachanika. Nilidhani wanakosa hewa, nikanunua pampu ndogo ya betri ya volti 12, lakini sikuona tofauti yoyote. Chakula hawakosi, kwani ninawapa pumba za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa, asubuhi na jioni, mpaka washibe.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kosa liko wapi kabla sijanunua wengine.

Mjenzi_wa_Mabwawa

Pole sana, mkuu. Fedha ya pampu umeitoa mapema mno. Kambale ana kiungo juu ya matamvua, chekundu, chenye vitawi kama kichaka kidogo, ambacho humwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Nenda Kirumba mwaloni utamkuta kwenye beseni lisilo na maji, jua linamwakia, na bado anatikisa mkia. Samaki wa namna hiyo hawezi kufa kwa mamia ndani ya siku tatu katika maji ya nusu mita kwa sababu ya hewa peke yake. Maji yenyewe ndiyo yaliyomuua, na mimi ninaishuku plasta yako.

Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na chokaa hiyo huyafanya maji yawe makali kama ya magadi. Kambale huishi vizuri maji yakiwa na pH (kipimo cha ukali wa maji; juu ya 7 huelekea kuwa kama ya magadi) kati ya 6.5 na 8.5, lakini maji yaliyokaa katika tangi jipya la saruji yanaweza kupita 10. Ute huo mweupe ni ngozi yake inayojaribu kujikinga na kuunguzwa.

Usinunue kipimo chochote bado. Chukua manjano ya jikoni, kijiko kimoja cha chai, koroga katika maji safi kidogo, chovya karatasi nyeupe, kisha uianike kivulini. Ikikauka, dondoshea upande mmoja maji ya tangi na upande mwingine maji ya ziwa. Bila shaka umewahi kuona doa la mchuzi kwenye kanzu linavyogeuka jekundu mara tu linapoguswa na sabuni ya mche: kinachotokea hapo ni hicho hicho. Karatasi ikibaki ya njano, mimi nimekosea na nitaomba radhi hapa mbele ya wote.

Ikigeuka nyekundu, jaza tangi mpaka juu, liache siku tatu au nne, mwaga maji yote, sugua kuta kwa brashi, kisha rudia mara tatu au zaidi. Sugua kwa siki iliyochanganywa na maji katikati ya mizunguko hiyo, nayo itaharakisha kazi. Kama huwezi kusubiri, tandika turubai au nailoni nene ndani ya tangi ili maji yasiguse saruji kabisa. Chunguza tu kwamba turubai halikuwahi kubeba mbolea wala dawa za shambani.

Mzee_wa_Ukerewe

Marahaba, kijana wangu. Mimi ninashangaa kwa nini mtu anayeishi hatua mia moja kutoka ziwani anajenga ziwa jingine nyuma ya nyumba yake. Sisi huku chambo tunakihifadhi katika kizimba cha wavu, kimefungwa kwenye miti minne mahali penye kina cha kiunoni, maji yanajibadilisha yenyewe na hakuna saruji wala betri.

Hata hivyo sitakuficha ubaya wake. Fisi maji hutoboa wavu usiku mmoja na kumaliza kazi ya wiki, na binadamu hutoboa kwa adabu zaidi lakini humaliza vilevile. Mwaka mmoja, kwa kuwakwepa wezi, nilikizamisha kizimba changu chote chini ya maji na kuacha kamba nyembamba tu juu, nikijiona mjanja kuliko Mkerewe yeyote. Maji ya siku hizo yalikuwa ya kijani na mazito, hayana upepo. Asubuhi niliinua kizimba nikakuta kambale wote wamekufa, wamejibana pembe za juu, midomo imepachikwa kwenye matundu ya wavu. Ndiyo kusema huyo samaki asiyekufa kwa kukosa hewa, kama anavyosema mjenzi wetu, hufa ukimzuia kuifikia. Kizimba au tangi, acha nafasi wazi juu ya maji.

Jambo jingine ni namna ulivyowamimina. Unaposema nikamimina, ninaona ndoo imeinuliwa na samaki wakianguka. Iache ndoo ielee ndani ya tangi, ongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa nusu saa, halafu ilaze ndoo watoke wenyewe. Na usiwashike kwa mikono mikavu, kwa maana kambale hana magamba na ute wake ndiyo nguo yake.

Migonzo_Igombe

Nawashukuru sana. Jana usiku nilitengeneza karatasi ya manjano kama nilivyoelekezwa, huku mke wangu akiniuliza kama nimeanza uganga. Maji ya ziwa yaliifanya iwe na wekundu hafifu sana, lakini tone la maji ya tangi lilipogusa karatasi liligeuka papo hapo kuwa jekundu la rangi ya tofali. Nimeyamwaga yote leo asubuhi.

Mzee wangu, ningependa kizimba, ila mwalo wetu una mitumbwi mingi na wavu hautakaa salama hata siku mbili. Nitaendelea na tangi. Swali langu lililobaki ni hili: saruji ikishapoa, je, nitakuwa nimemaliza, au kuna jingine?

Dada_wa_Vifaranga

Kaka, lipo jingine, na ndilo litakalowaua hata katika tangi la dhahabu. Mimi ninafanya kazi ya kutotolesha kambale upande wa Nyegezi, na wateja wetu wengi wanaonunua chambo hurudi na malalamiko yaleyale, kwamba samaki walikuwa wazima siku nne, siku ya tano wakaanza kulala ubavu.

Kwanza niseme haraka kuhusu maji ya bomba, kwa sababu hilo ni jepesi. Yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Jaza mapipa wazi, yaache juani saa 24 au zaidi, na hiyo pampu yako ya hewa ifanye kazi humo, itasaidia kuitoa.

Sasa njoo kwenye chakula. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila dakika anapoishi, na chakula kinachobaki kikioza huongeza amonia hiyo. Sehemu ya amonia iliyo sumu kali hutegemea ukali wa maji: katika joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 haifiki hata asilimia 1, pH ikiwa 8 ni takriban asilimia 5, na pH ikiwa 9 hupita asilimia 30. Kwa hiyo saruji yako haikuwa ikiunguza ngozi tu, bali pia ilikuwa ikizidisha makali ya uchafu ambao wewe mwenyewe uliuongeza asubuhi na jioni kwa pumba za kushibisha. Chambo hakinenepeshwi. Vifaranga 300 vya gramu 5 vina uzito wa kilo moja na nusu kwa jumla, na asilimia 1 ya uzito huo kwa siku, yaani gramu 15, isiyojaza kiganja, inatosha kuwaweka hai na wenye nguvu ya kuchezacheza kwenye ndoano. Acha pumba kabisa, maana huzama na kuoza, na tumia punje za chakula cha kuelea ili uone kilichobaki na ukiopoe. Siku ya kuwasafirisha usiwape kitu tangu jana yake, wasije wakachafua maji ya ndoo njiani.

Kinachoondoa amonia bila wewe kumwaga maji kila siku ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Bakteria hao wanahitaji mahali pa kushikilia na maji yenye hewa yanayopita juu yao. Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu chini, ijaze vizibo vya chupa za maji na soda, iweke juu ya tangi, na pampu ndogo ya maji ipandishe maji yapite humo yakirudi tangini. Mahitaji ya hewa uliyodhani ni ya kambale kumbe ni ya bakteria. Watu hukata tamaa hapa, kwa sababu bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawasawa. Ukiweza kupata vizibo au kokoto zilizokwisha kukaa kwenye chujio la mtu mwingine mwenye samaki wazima, utapunguza muda huo, na ukiviosha suuza kwa maji ya tangi, kamwe si ya bomba, la sivyo utawaua kwa klorini uwaanze upya.

Katika wiki hizo za mwanzo anza na samaki wachache, 100 hivi, badilisha theluthi moja ya maji kila siku, na weka chumvi ya kawaida kilo 1 katika lita 1,000. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huizuia nitriti isipenye matamvua. Ukimfunua aliyekufa ukaona matamvua yana rangi ya kahawia badala ya nyekundu, hiyo ni nitriti, wala usisumbuke kutafuta ugonjwa.

Mwisho, wachambue kwa ukubwa kila baada ya siku chache. Kambale humla mwenzake, naye anayeanza hukua upesi na kuwaacha wengine mbali. Idadi ikipungua bila maiti kuonekana, usimsingizie mwizi. Funika tangi liwe na giza, kwani gizani hutulia na kung'atana kidogo, ila uache ile nafasi ya hewa aliyoisema mzee.

Mzee_wa_Ukerewe

Binti amesema vizuri, nami nimejifunza hilo la chumvi. Niongeze moja tu: kijana, usijaribu kuziba upungufu kwa kuvuta vifaranga vya porini kwa kokoro, yaani wavu wa kukokota hadi ufukweni. Mbali na kwamba kokoro limepigwa marufuku, chambo kilichokokotwa matopeni huja kimechubuka na kuwaambukiza wale uliowalea.

Migonzo_Igombe

Ninarejea baada ya wiki saba, kwa sababu mtu akisaidiwa hana budi kurudisha majibu. Tangi nililijaza na kulimwaga mara tano, na mara ya mwisho karatasi ya maji yake na ya maji ya ziwa hazikutofautiana. Nilianza na vifaranga 100 na ndoo mbili za vizibo nilizopewa Nyegezi, vizibo vikiwa vimeshaota ute wa kahawia. Wiki ya pili walikufa tisa, nikamfunua mmoja na kukuta matamvua ya rangi ya chai. Nikaongeza chumvi, nikabadilisha nusu ya maji, nikawanyima chakula siku mbili, na vifo vikakoma. Sasa ninao 300, na katika siku kumi zilizopita amekufa mmoja tu. Mwezi huu mtumbwi haujalala ufukweni hata siku moja kwa kukosa chambo.

Juzi usiku ilinyesha mvua kubwa ya radi, upepo ukafunua wavu wa juu, na asubuhi nilipohesabu walikuwa wamepungua saba. Mmoja nilimkuta nyuma ya pipa, mita nne kutoka tangini, amejaa mchanga na bado mzima. Nimeweka matofali pembe zote za wavu. Je, sita waliobaki wanaweza kuwa wamefika ziwani?

Mzee_wa_Ukerewe

Una paka?