MJADALA: Ibada zetu zimekuwa za mazoea. Kosa ni la liturujia?

Mleta mada
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Tujadili bila kashfa za madhehebu. Kijana akihama Katoliki, KKKT (Walutheri) au Anglikana kwenda makanisa ya kiroho, utasikia sababu ileile: "Kule kwetu ni kusoma kitabu tu." Na kati yetu tuliobaki wapo wanaotaka liturujia, yaani mpangilio maalumu wa sala na maneno ya ibada, ipunguzwe, sifa na kuabudu viongezwe, eti ndipo ibada itakuwa hai.

Mimi Mkatoliki, na hilo silikubali. Ugonjwa upo, sibishi. Waangalie watu kwenye "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana": mkono unapiga kifua, macho yanamsindikiza aliyeingia amechelewa na kitenge kipya. Ndiyo hiyo Isaya 29:13, midomo karibu, moyo mbali. Lakini kitabu chenyewe cha Misa kinataka kimya kabla ya maungamo hayo, mtu ajipime. Kimya hicho kiko wapi? Padre anasema tukumbuke dhambi zetu, na kabla hujakumbuka hata moja mmeshaanza maungamo yenyewe. Misa ya pili inasubiri nje, na bado kuna matangazo: ujenzi, sare za kwaya, ahadi ambazo hazijakamilishwa. Muda wa kumkumbusha mtu deni lake la mchango upo, wa kukaa na dhambi yake ndio haupo.

Na huko makanisa ya kiroho, kwenye uhuru? "Mwambie jirani yako, wewe ni mshindi." Jirani anaambiwa, wala hatazamwi usoni. Kinanda kikishuka taratibu watu wanalia, kikinyamaza vilio vinakatika. Hiyo nayo ni liturujia, ila haijaandikwa.

MlokoleWaZamani
Mkuu, hapo umetuonea. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya hadi kwetu Tanzania, ulianzia ndani ya Anglikana, kwa watu wenye sala zote kichwani na bado wanaibiana na kuchukiana. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake, kisha akaenda kurudisha alichoiba. Mwaka 1941 pale Mukono, Uganda, wanafunzi zaidi ya 20 wa chuo cha theolojia walifukuzwa kwa msimamo wa uamsho huo. Nani anafukuzwa chuo kwa ajili ya mazoea? Kimya chako cha nusu dakika kisingewafikisha pale.

MpigaKinanda
La kinanda naona nimetajwa mimi, haha. Mchungaji akinyoosha mkono nashusha sauti, ndiyo kazi yangu. Nani analia kweli, sijui, na mchungaji naye hajui.

Ila Mlokole, ushuhuda wenu nao ulipata mpangilio wake. Nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, nikaokoka, kisha Tukutendereza, ule wimbo wa uamsho. Kuna mzee kwetu akianza tu, watoto wa Sunday school wanaweza kummalizia. Mzee ni mkweli kabisa, simsemi vibaya. Nasema tu kwamba hata maneno yake mwenyewe yamekuwa kitabu.

Na jambo moja kutoka misibani, ambako napiga sana. Mwambie mfiwa aombe kwa maneno yake pale kaburini, anashindwa. Ikianza Baba Yetu uliye mbinguni, anaisema mpaka mwisho, sauti inatetemeka lakini anaifikisha. Mtaniambia na hiyo haitoki moyoni?

Mleta mada
Mlokole, la kurudisha kilichoibwa umenishika. Zakayo hakuishia kuungama, alitaja na kiasi: mara nne. Toba ya hivyo haiji kwa kuongeza kimya peke yake. Lakini atakumbuka saa ngapi alichomdhulumu mwenzake, kama ibada nzima hajaachwa anyamaze?

Basi nashusha swali hadi chini: matangazo yabandikwe ubaoni, muda ule urudi kwenye maungamo. Kuna ambao parokia au usharika wao umejaribu? Na mhasibu alisemaje, michango ilishuka?