Naomba ushauri: klutz, butterfingers na wenzake tuwaiteje?

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye tafsiri ya maandishi ya filamu, yenye maneno ya Kiingereza ya kuwataja watu wanaoangusha, kugonga au kuharibu vitu bila kukusudia. Mstari una nafasi ya herufi 42 tu, kwa hiyo maelezo marefu hayaingii. Ukiwaita wote "mzembe" maana inaharibika: mzembe hajali, wakati klutz wa Marekani anajali sana ila anajikwaa, anamwaga chai, anagonga meza. Neno limetoka Kiyidi, kwa maana ya gogo.

Butterfingers ni wa kuponyokwa na vitu, hasa mdakaji wa kriketi. Kwa kipa, "anatema mipira" inakaa vizuri. Kwa anayeangusha vikombe jikoni je? Duffer ni mchezaji hafifu, mara nyingi wa gofu. "Garasa" linatosha, ingawa ni kali. Bungler huharibu kazi, lakini "kanjanja" linaelekea kwenye utapeli, na "mlipuaji" litaeleweka kama mtu wa mabomu.

Gumu kuliko yote ni cack-handed la Uingereza, yaani asiye stadi wa mikono, kwa sababu huko humaanisha pia anayetumia mkono wa kushoto, tena kwa dharau. Nisingependa kuwaumiza mashoto bure. Wa Mombasa na Unguja, mtu wa aina ya klutz kwenu mnamwitaje?