Koneksheni za kudumu kwenye PHP: tuziwashe au tuzizime?

Mleta mada:
Wakuu, kila timu mpya inaanza ubishi huu upya. PHP kwa kawaida hufungua koneksheni ya databesi kwa kila ombi, kisha huifunga. Kuna wanaosema washa za kudumu, zinazobaki wazi zikisubiri ombi lijalo: PDO::ATTR_PERSISTENT, au "p:" mbele ya jina la seva kwenye mysqli (PDO na mysqli ni njia mbili za PHP kuongea na databesi). Mimi nasema zima.

Piga hesabu. MySQL isipoguswa mipangilio yake inaruhusu koneksheni 151. Una seva 4 za PHP-FPM (kiendesha prosesi za PHP), kila moja ina pm.max_children 50, yaani prosesi zisizozidi 50. Kila prosesi ikishika koneksheni yake haiiachii, hata ikiwa imekaa bure. Zikijaa zote ni 200, na wateja wanakutana na kosa namba 1040, la koneksheni kuzidi kikomo. Usingoje zijifunge: wait_timeout, muda ambao MySQL huvumilia koneksheni isiyotumika, ni sekunde 28800, yaani muda wa saa 8.

Mchangiaji 1:
Mkuu, hapo tatizo ni max_children yako. Sisi PHP iko Dar, MySQL iko Frankfurt. Koneksheni mpya ni TCP, halafu TLS (usimbaji fiche), halafu nywila, na kila hatua inavuka bahari kwenda na kurudi. Tukizima, mteja anasubiri hata SELECT ya kwanza haijatumwa. Kinadharia zima, sawa. Njoo uzime kwetu uone simu zitakavyoita.

Mleta mada:
Gharama hiyo siikatai, ingawa aliyetenganisha hivyo viwili kwa umbali huo ana maswali ya kujibu. Ila hujagusa uchafu. mysqli husafisha koneksheni kabla ya kuitumia tena: hufuta meza za muda, hufungua kufuli, hurudisha vigezo vya kikao. PDO haifanyi usafi huo. Ombi moja likibadilisha time_zone, ombi la mtu mwingine kabisa linarithi saa hiyo. Kosa la namna hii halionekani kwenye kompyuta yako, maana huko uko peke yako.

Mchangiaji 2:
Nyote mnabishania swichi wakati PHP si mahali pa kuamulia jambo hili. Kwenye PostgreSQL ni kali zaidi: kila koneksheni ni prosesi nzima upande wa seva, na kikomo cha kawaida ni 100. Weka PgBouncer, programu ya kugawana koneksheni, katikati, kwa hali ya transaction: koneksheni inashikwa kwa muamala mmoja tu, kisha inaachiwa. Koneksheni 20 zitahudumia mamia ya prosesi za PHP, kwa sababu nyingi muda mwingi haziulizi kitu. Angalizo: katika hali hiyo SET (kubadili vigezo vya kikao) na LISTEN (kusubiri taarifa) haziaminiki, na kabla ya PgBouncer toleo 1.21 la mwaka 2023 hata prepared statements (maswali yaliyoandaliwa mapema) zilikuwa zinavunjika.

Mchangiaji 3:
Na sisi wa hosting ya pamoja, tusioruhusiwa kusakinisha chochote?

Mchangiaji 2:
Kama databesi iko kwenye mashine hiyohiyo, unaunganisha kwa soketi ya ndani. Gharama ni ndogo mno. Zima, ulale.

Mchangiaji 1:
Kuhamisha databesi hatuna ruhusa. Nitaweka ProxySQL, programu kama PgBouncer ila ya MySQL, hapa Dar, ishike koneksheni za Frankfurt, PHP iongee nayo kwa karibu. SELECT zenyewe zitaendelea kuvuka bahari, hilo najua. Mleta mada, hapo bado unapinga?

Mleta mada:
Hapo sipingi. Idadi inapangwa sehemu moja, na max_children haihusiki tena. Ila "p:" itoe.